Mbegu za Kanada hapa Mombasa: ngojea kusi

Dadangu uliyeuliza kama mbegu ulizoletewa kutoka Toronto uzimwage sasa hivi, Machi hii, kwa vile pakiti imeandikwa zipandwe mapema majira ya kuchipua: ngoja kwanza. Nimelima kiuwanja huko Kanada na sasa nalima nyuma ya nyumba Kisauni, kalenda zote mbili nazijua.

Kule kinachoogopwa ni jalidi, ule umande unaoganda usiku. Njegere, letusi na figili huihimili, ndiyo maana hutiwa ardhini mara udongo ukiyeyuka. Nyanya haziwezi, hulelewa dirishani wiki 6 hadi 8, na wengi Toronto hawazitoi nje mpaka sikukuu ya Victoria Day, Mei ikielekea ukingoni. Sisi jalidi tutaitoa wapi? Adui wetu ni joto, na Machi ndipo lilipo, upepo wa kaskazi unaisha na mchana unapita digrii 32. Letusi ukiitia sasa mbegu italala tu. Udongo ukizidi digrii 30 hivi haioti. Njegere pengine itaota, kisha ipukutishe maua yote.

Acha mvua za mwaka, yaani masika, zipite, upepo wa kusi ushike. Juni hadi Agosti, usiku unaposhuka hadi digrii 20 na kitu, ndipo uanze. Mbegu za letusi zifunge kwenye kitambaa kilicholowa, uziweke kwenye friji siku mbili tatu. Ukizitoa, zinyunyize juu ya udongo na usizifukie, zinataka mwanga. Weka kichanja cha makuti juu ya kitalu, na miche ikishika nguvu uyapunguze kidogo kidogo. Mimi ndani ya ndoo ninazopandia, chini kabisa, hutandika makumbi ya nazi, maana mchanga wetu huu haukai na maji hata kidogo.

Vitunguu sasa. Kama ni aina za siku ndefu, wape majirani wacheke. Hivyo havifanyi kichwa mpaka mchana ufike saa 14 au zaidi, na hapa mwaka mzima tuko kwenye saa 12. Utakula majani, basi. Tafuta aina za siku fupi, Red Creole au Bombay Red, kwenye duka la pembejeo.

Hukusema unamwagilia maji gani. Ikiwa ni ya kisima, na visima vyetu vingi vina chumvi, karoti na maharagwe ndiyo yatakayolia mwanzo, bitiruti huvumilia. Kinga mapipa wakati wa mvua, hayo maji uwape karoti.

Machi hii tayarisha matuta na samadi ya mbuzi iliyooza vizuri, na mvua ya kwanza ikianguka utie mchicha, kunde na bamia. Pakiti za Kanada zifunge kwenye chupa kavu, uziweke kwenye friji, la sivyo unyevu wa pwani utaziua kabla ya Juni. Na picha ya nyuma ya pakiti ya vitunguu itundike hapa nikuangalizie ni aina gani.