Kabla hujaomba ufadhili wa kusomea ufugaji wa samaki, fuga kwanza

Kila mwaka vijana wawili watatu hunijia na swali lilelile: "Mwalimu, nataka kubobea kwenye ufugaji endelevu wa samaki, nikasome wapi?" Nami huwauliza: umewahi kufuga? Wengi hucheka.

Hata mimi sikuwahi. Nilikuwa na shahada mbili na sijawahi kulipia mfuko hata mmoja wa chakula cha samaki. Bwawa langu la kwanza la utafiti, Morogoro, nilipandikiza sato wengi kupita kiasi, nikawalisha kwa ukarimu, nikamwaga na samadi. Maji yakawa kijani kibichi kwa mwani, nikajipongeza. Alfajiri moja mlinzi akanipigia simu: "Samaki wamekuja juu wote, wanatweta." Nilipofika walikuwa wanaelea matumbo juu. Mwani ule niliousifia hutoa oksijeni kukiwa na jua. Giza likiingia nao huivuta, pamoja na samaki na masalia ya chakula yanayooza chini. Ndiyo maana hewa majini hupungua kabisa karibu na mapambazuko. Mimi nilikuwa napima kila siku saa nne asubuhi, nimeshakunywa chai. Daftari langu lilionyesha maji safi kabisa!

Kwa hiyo kodi bwawa, hata dogo, ufuge msimu mmoja kwa hela yako. Utaona chakula kikimeza zaidi ya nusu ya gharama. Na siku utakapoona dagaa wa Ziwa Victoria wanasagwa kulisha samaki, huku jirani yako akiwatafuta wa kitoweo, utakuwa umepata swali la utafiti bila kusubiri upewe na profesa.

Kusafiri nako kuna faida. Nilisoma Stirling, Scotland, ambako taasisi ya ufugaji wa samaki ipo tangu 1971, na nikafundishwa vizuri magonjwa na takwimu. Lakini salmoni wanayemfuga kule ni mla nyama wa maji baridi. Sato hushiba hata mwani. Chakula cha yule usimpikie huyu. Ukipata nafasi Misri, nchi inayoongoza Afrika kwa ufugaji, usiidharau eti kwa kuwa si Ulaya. Pale Abbassa, kwenye kituo cha utafiti, wanaboresha mbegu ya sato kizazi baada ya kizazi.

Mbegu ndiyo inayoninyima usingizi zaidi. Mwaka 1988 Ufilipino walianza kuchanganya sato kutoka Misri, Ghana, Kenya na Senegal na wale waliokuwa wakifugwa Asia, wakapata samaki anayekua haraka. Kila mtu anamtaka. Ila waulize wazee wa kanda ya ziwa habari za ngege, samaki wa asili wa Ziwa Victoria: sato aliletwa humo miaka ya 1950, na leo ngege ni wa kutafuta kwa tochi. Ukiandika andiko la utafiti wa mbegu mpya, eleza mapema: masika bwawa likifurika, samaki hawa wataishia mto gani?

Na ununue kipima oksijeni chako mwenyewe. Kengele ya simu iweke saa kumi alfajiri.