Bwawa la maji msituni: tuwafungie wageni njia?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwenyekiti wa kamati ya maji katika kijiji kinachopakana na hifadhi ya msitu, wilayani Buikwe, Uganda. Ndani ya msitu huo kuna bwawa dogo lililojengwa kwa kuziba kijito, na bomba litokalo hapo ndilo linalotupatia maji sisi, shule ya msingi na kituo cha afya. Kwa miaka michache sasa, vijana kutoka Kampala na Jinja huja kila Jumapili kuogelea, kuchoma nyama na kupiga muziki, kisha huacha chupa na kavera (mifuko ya plastiki) kila mahali. Wazee wanataka njia ifungwe kabisa, lakini vijana wetu wa bodaboda na akina mama wauzao chapati na gonja (ndizi za kuchoma) wanasema hiyo ndiyo riziki yao. Tufanye nini? Na je, tukipanda samaki ili wageni wavue, tutakosea?

JIBU: Ndugu Mwenyekiti, ushauri wangu ni kwamba msiifunge njia, bali muihamishe burudani yenyewe: itoke ukingoni mwa bwawa na kushuka chini ya ukuta wa bwawa, upande ambao maji yakishapita hayarudi tena kwenye bomba lenu. Wageni watapata kivuli, sauti ya maji na mahali pa kukaa, nanyi mtabaki na ukingo uliotulia.

Nasisitiza ukingo kwa sababu ndipo bwawa linapoanza kufa. Mvua ikinyesha msituni, matone huangukia majani kwanza, kisha tabaka la majani makavu lililo chini, na maji huzama udongoni polepole kabla ya kukifikia kijito yakiwa safi. Pale watu wanapokanyaga kila wiki, tabaka hilo huisha, udongo hushindiliwa hadi ukawa mgumu kama sakafu, mizizi hubaki wazi, na mvua inayofuata hutiririka juu juu ikibeba tope, majivu na kinyesi moja kwa moja hadi majini. Tope hupunguza kina cha bwawa mwaka hadi mwaka, na mbolea iliyomo katika uchafu huo hulisha mwani, ambao baadhi ya aina zake hutoa sumu ambayo hata kuchemsha maji hakuiondoi. Kwa hiyo sehemu mbili zisikanyagwe na mgeni yeyote: pale kijito kinapoingia, ambapo matete huchuja tope na ndege hujenga viota, na pale bomba linapochotea.

Kuhusu kuogelea, nasema wazi kwamba kukome, na si kwa ajili ya wanaokunywa maji hayo peke yao. Kichocho cha matumbo kimeenea katika maeneo mengi ya Ziwa Viktoria na Mto Nile, nanyi mko jirani na vyote viwili. Mtu mwenye ugonjwa huo akijisaidia karibu na maji, mayai ya kimelea huanguliwa, huingia ndani ya konokono wadogo wakaao kwenye mimea ya ukingoni, na baada ya wiki chache vijidudu hutoka humo na kupenya ngozi ya yeyote aliyeingia majini, hasa nyakati za mchana jua linapokuwa kali, saa zile zile ambazo wageni wenu huogelea. Mtaona, basi, kwamba choo kizuri ndicho kitu cha kwanza cha kujengwa, kabla ya bango lolote, na kijengwe chini ya ukuta, mbali na kijito. Kanuni za mwaka 2000 kuhusu ardhi oevu, kingo za mito na fukwe za maziwa huweka ukanda wa hifadhi wa mita 30 hata kwa mito midogo. Majirani walio chini yenu nao wanakunywa, na si haki kuwasukumia uchafu ambao ninyi mmeukataa.

Kamati yenu haina mamlaka ya kutoza kiingilio peke yake. Ikiwa msitu huo ni hifadhi kuu, msimamizi wake ni Mamlaka ya Taifa ya Misitu, NFA. Ikiwa ni hifadhi ya serikali ya mtaa, nendeni kwa ofisa misitu wa wilaya. Sheria ya misitu ya mwaka 2003 inaruhusu mkataba wa usimamizi shirikishi kati ya jamii na msimamizi, na humo ndimo mnapoweza kuandika nani atatoza, fedha zitagawanywaje, na ni vijana gani watakaokuwa waongozaji na walinzi wa njia. Waingizeni waendesha bodaboda na wauza chapati tangu kikao cha kwanza, kwa kuwa wao ndio wanaoonana na kila mgeni kabla hajafika. Katika msitu wa Mabira utalii wa kutembea kwa miguu na kutazama ndege umefanyika kwa miaka mingi, na kamati yenu ingenufaika kutembelea kituo cha Najjembe kuona njia zilivyopangwa.

Wazee nao nawaelewa, maana wamelinda maji hayo kwa muda mrefu. Hata hivyo nakumbuka mwaka 2007, wakati mpango wa kutoa takriban robo ya Mabira kwa kilimo cha miwa ulipowafanya watu waandamane barabarani Kampala. Baadhi walipoteza maisha, na mpango ule haukutekelezwa. Msitu wenu utahitaji watetezi kama hao siku moja, na mtu hutetea mahali alipowahi kukaa kivulini.

Samaki msipande. Chakula chao na kinyesi chao ni mbolea nyingine ndani ya maji ya kunywa, na sangara aliyepandwa Ziwa Viktoria miaka ya 1950 na 1960 alichangia kutoweka kwa aina nyingi za samaki wadogo wa asili.

Kama mnaweza, chimbeni vyoo na kuhamisha majiko ya nyama kabla ya Krismasi, kwa sababu wageni wa sikukuu huwa wengi kuliko wa Jumapili zote nyingine.