Vibonyezo 61 mezani, 88 kwenye skrini

SWALI: Napiga kinanda kanisani, nacho nakiunganisha kwa waya wa USB na kompyuta yenye MainStage, programu ya kupigia sauti za ala jukwaani. Kina vibonyezo 61, lakini skrini inaonyesha 88. Mkono wa kushoto nimeupa besi, wa kulia sauti za nyuzi kama fidla, ila mpaka wa sauti hizo mbili hauangukii nilipouweka. Nikibadilisha idadi iwe 61, tatizo litaisha? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Idadi peke yake haitoshi. Kinanda kinapotuma noti kwa MIDI, yaani lugha ambayo ala na kompyuta huzungumziana, hakisemi kina vibonyezo vingapi. Kinatuma namba tu, kuanzia 0 hadi 127, na C ya kati ni 60. Kwa hiyo programu inataka kuambiwa mambo mawili: vibonyezo ni vingapi, na cha kwanza kushoto ni noti gani. Piano kamili ya 88 huanzia 21, ambayo ni A, ikaishia 108. Kinanda cha 61 kwa kawaida huanzia 36 hadi 96. Cha 49 huanzia 36 hadi 84.

Usikisie. Ingia Layout, sehemu ya kupanga mwonekano wa skrini, bofya picha ya kinanda, chagua 61, kisha weka noti ya kuanzia iwe C1, maana ndivyo MainStage inavyoita namba 36. Sasa bonyeza kibonyezo cha kwanza kabisa kushoto, halafu cha mwisho kulia, ukiangalia skrini. Vya kwanza na vya mwisho kwenye picha vinapaswa kuwaka vilevile. Vikikubali, rudi Edit, sehemu ya kuhariri sauti, na upange upya mipaka ya besi na nyuzi.

Visipokubali, yaani ukabonyeza C ya kwanza na kwenye picha ikawaka D, mchawi umempata: kuna mtu amepandisha ufunguo kwa kitufe cha Transpose kwenye kinanda chenyewe. Makanisani hili ni la kila Jumapili, kwani wapigaji wengi hupenda kubaki kwenye vidole vya ufunguo mmoja na kuachia mashine ipandishe. Kikiwa +2, kibonyezo kilichokuwa kinatuma 52 sasa kinatuma 54, na mpaka uliouweka 54 unasogea vibonyezo viwili kushoto, ukihesabu vyeusi na vyeupe. Ngoma ndizo zinazoumia zaidi. Kwa General MIDI, mpangilio wa pamoja wa namba za sauti, ngoma kubwa ya mguu ni 36 na sinea, ngoma ndogo ya mlio mkali, ni 38, kwa hiyo kwa +2 ukipiga mguu inalia sinea. Rudisha Transpose kwenye 0 na upandishe ufunguo ndani ya programu, kwenye ala ya besi na ya nyuzi tu. Ngoma usiziguse.

SWALI: Kwenye programu ya muziki ya FL Studio C ya kati inaandikwa C5, mwenzangu anayetumia programu ya Ableton Live anaiona C3. Nani amekosea? – Msomaji, Nakuru

JIBU: Hakuna aliyekosea. Namba ni ileile 60; majina ya oktavi, yaani makundi ya noti kutoka C moja hadi nyingine, ndiyo kila kampuni imejipangia, na kwenye programu ya Reaper utaikuta C4. Mkielekezana kwa simu au ujumbe, tajeni namba. Kosa la oktavi mbili kwenye besi hugeuza biti nzima kuwa mngurumo.

SWALI: Nimenunua kinanda kidogo cha vibonyezo 25. Piano inalia vizuri, ila nikifungua ngoma napata milio michache ya ajabu, na besi haishuki. Je, ni kibovu? – Msomaji, Mwanza

JIBU: Ni kizima. Cha 25 huanzia 48 hadi 72, na ngoma ya mguu iko chini yake, kwenye 36. Bonyeza Octave ya kushusha mara moja upate 36 hadi 60. Hapo una mguu, sinea 38, haihati (matoazi mawili ya mguu) iliyofungwa 42 na iliyo wazi 46. Kwa besi shusha mara mbili, uanzie 24, kwa sababu waya mnene wa gitaa la besi la nyuzi nne ni E, namba 28. Spika ndogo za kompyuta huenda zisikusikilizishe noti hiyo hata ukiipata, basi vaa hedifoni kabla ya kulaumu kinanda.

Ukibadilisha oktavi, toa vidole kwanza. Baadhi ya vinanda, ukikibana kibonyezo 48, ukashusha oktavi, ukakiachia, hutuma amri ya kuzima 36. Noti 48 haijaambiwa inyamaze, nayo inaendelea kulia bila kukoma. Kwenye FL Studio bonyeza Ctrl na H kwa pamoja ili kuikata.