Jengo mlilolisifu halijajengwa popote

Jambo zenu watu wa nyumbani Goma. Nimesoma ujumbe wote wa kundi la familia, na sauti zenu ndefu nimezisikiliza hadi mwisho. Mdogo wangu wa Himbi, aliyepata diploma yake ya ujenzi mwaka huu, ndiye aliyewasha moto: alichukua picha kwenye potifolio yangu, yaani mkusanyo wa kazi zangu, ile maktaba ya mbao yenye watoto wanaosoma kwenye ngazi, akaandika chini yake "Yaya anajenga Ulaya", Yaya ikiwa ni mimi mkubwa wake. Shangazi akashukuru Mungu. Mjomba akauliza jengo hilo liligharimu dola ngapi. Kisha baba mdogo akaleta maswali mawili mazito: je, auze parseli, yaani kiwanja chake cha Ndosho, ili kijana huyo naye aje Brussels asomee usanifu majengo? Na je, mimi naweza kumchorea plani ya nyumba ya Kyeshero, maana "kwako hiyo ni kazi ya dakika tano"?

Nianze na la mjomba. Liligharimu bei ya karatasi, gundi na kadibodi. Jengo hilo halipo Ubelgiji, halipo Goma, halipo popote. Ni kazi ya shule. Niliiweka pale Birere, Goma, kwa sababu mwalimu alituambia tuchague mahali tunapopajua kwa miguu. Wale watoto wa kwenye ngazi niliwakata kutoka picha za watu wengine, anga nikalitoa kwenye picha ya Ziwa Kivu iliyokuwa kwenye simu yangu. Ndivyo picha za wasanifu zinavyotengenezwa, hata za ofisi kubwa: miti imepandwa kwa kompyuta, jua linatoka upande tunaoutaka sisi, na hakuna kamba ya nguo hata moja.

Sisemi hivyo kuidharau shule. Shuleni ndiko nilikobuni kweli. Unapewa kiwanja na swali, unahangaika nalo miezi, kila wiki unabandika michoro ukutani na walimu wanapita wakiichanachana mbele ya wenzako. Siku ya kutetea maktaba ile, profesa mmoja aliinama juu ya maketi, ule mfano mdogo wa jengo wa kadibodi, akaitazama weee, halafu akauliza mfagiaji anaweka wapi ndoo yake. Sikuwa na chumba cha ndoo. Mwingine akauliza maji ya mvua ya paa lote lile yanaenda kwa nani. Swali hilo la pili mtu yeyote wa Goma angeuliza kabla ya kukaa.

Halafu unamaliza miaka mitano, unapewa shahada, na hapo ndipo wengi nyumbani mnadhani kazi ya kubuni inaanza. Kwangu hapo ndipo ilipopungua. Ubelgiji ina sheria ya tangu 20 Februari 1939 inayosema kazi ya ujenzi yenye kuhitaji kibali lazima ichorwe na kusimamiwa na msanifu, na msanifu huyo haruhusiwi kuwa mkandarasi. Kwetu fundi ndiye anayechora kwa kijiti mchangani, ananunua simenti, anajenga, na anakula chakula cha mchana kwa mwenye nyumba. Huku mambo hayo ni ya watu mbalimbali, na kila mmoja ana bima. Shahada peke yake haikupi haki ya kutia sahihi: unajiandikisha kwenye Baraza la Wasanifu, unafanya stazhi, yaani mafunzo kazini, ya miaka miwili chini ya msanifu mwenye uzoefu, ndipo unaingia orodhani. Na ukishaweka sahihi, jengo linakufuata miaka kumi. Likipata ufa mkubwa mwaka wa tisa, watakutafuta.

Basi mimi ofisini ninafanya nini kutwa nzima? Ngazi. Nyumba za zamani za Brussels ni nyembamba, upana wa mita sita hivi, vyumba vitatu vimefuatana kama mabehewa, dirisha mbele na dirisha nyuma, na chumba cha katikati hakioni jua. Mwenye nyumba anataka kuigawa iwe makazi ya familia mbili, kwa hiyo ngazi lazima ihamishwe. Sakafu hadi sakafu ni mita 3.50. Ukichagua kipandio cha sentimita 17.5, unapata vipandio 20. Kuna kanuni ya Mfaransa Blondel, ya karne ya 17, ambayo bado tunaitumia: kimo cha kipandio mara mbili, ongeza upana wa pale mguu unapokanyaga, jumla iwe kati ya sentimita 60 na 64. Kwa hiyo upana ni 28, na ngazi iliyonyooka inakula mita 5.32 za sakafu (mara 19, maana kipandio cha ishirini ni sakafu yenyewe ya juu). Nafasi hiyo haipo. Basi unaikunja, na kwenye kona vipandio vinakuwa vyembamba upande mmoja kama kipande cha keki, na bibi wa ghorofa ya pili ataanguka hapo kama hukupima vizuri. Unaichora tena. Bosi anaihamisha sentimita kumi kwa sababu ya bomba. Unaichora tena. Mteja anaona friji yake haitapita. Tena.

Baada ya ngazi ni faili la kibali: hali ilivyo, hali itakavyokuwa, kuta zitakazobomolewa kwa rangi ya njano na mpya kwa nyekundu, picha za kila upande, fomu zisizoisha. Kisha mnangoja. Majirani wanabandikiwa tangazo jekundu nje ili waje kulalamika, na wanakuja. Napenda hilo, kusema kweli. Nimemwona mzee akipinga ukuta utakaomnyima jua la jioni bustanini, na wakubwa wa ofisi wakamsikiliza.

Kwa hiyo potifolio yangu ina sehemu mbili zisizofanana kabisa. Ya shule: majengo makubwa, mazuri, yote yangu, hayapo. Ya ofisi: majengo madogo, yapo, unaweza kuyagusa, lakini si yangu. Chini ya ukurasa mmoja nimeandika: "Ubunifu ni wa ofisi, mimi nilichora ngazi, fremu za madirisha na faili la kibali." Baadhi ya wenzangu wanaona najishusha, na wao wanaweka picha ya jengo zima bila kueleza. Mimi nikiona potifolio ya namna hiyo siiamini. Hakuna mtu mwenye shahada ya juzi aliyejenga hospitali peke yake.

Pesa. Najua hili ndilo mlilotaka kuuliza mkaona aibu. Stazhi wengi wetu tunaifanya kwa kujitegemea, maana yake huna mshahara: kila mwisho wa mwezi unaiandikia ofisi ankara ya saa ulizofanya. Ukiugua, hakuna saa, hakuna ankara. Kila miezi mitatu unalipa michango ya hifadhi ya jamii, iwe ulilipwa au hukulipwa. Kuna bima, kuna mtu wa mahesabu, kuna kodi ya nyumba. Unakaa meza ileile, saa zilezile, chini ya bosi yuleyule kama mfanyakazi, ila likizo ni ya kwako mwenyewe. Fundi bomba anayekuja kwenye shantie zetu, pale tunapojenga, anapata zaidi yangu, na simuonei kijicho, kazi yake ni ngumu. Pesa ninazotuma, hasa tangu Januari 2025 waasi wa M23 walipouchukua mji wa Goma na benki zikafungwa, zinatoka kwenye hizo saa za ngazi. Msifikirie kuna mfuko mwingine nyuma.

Baridi, giza la Desemba linaloingia saa kumi na nusu, wateja wanaouliza "lakini hasa unatoka wapi?": hayo mnayajua, kila aliye huku amewasimulia. Tuyaache.

Linalonikera mimi ni jingine. Mwaka huu tuliongeza chumba nyuma ya nyumba moja hapa, kwa fremu ya mbao, kwa sababu mbao ni nyepesi na msingi wa zamani haungebeba matofali. Kuta zimejazwa sufi ya mbao ya kuzuia baridi, maana Brussels tangu 2015 imekaza sana sheria ya nishati, na nje mteja akaomba mbao tupu, bila rangi, zizeeke na kuwa kijivu. Alilipa ziada kwa hilo. Nikautazama ule ukuta wa kijivu na nikaona mitaa yetu ya Majengo, Ndosho na Mabanga. Kwetu mtu anaishi ndani ya ukuta huohuo huku akiona haya, akisubiri siku atakapopata nyumba ya "kudumu", yaani isiyo ya mbao.

Tasnifu yangu ya shahada niliiandika juu ya nyumba zetu za mbao, na dada yangu ndiye aliyekuwa mpimaji. Alizunguka nyumba ya jirani na utepe wake, mimi nikiwa kwenye simu: msingi wa mawe ya volkano unafika magotini, vibao vyembamba vimepigiliwa juu ya kila mwanya ili upepo usiingie, mabati yametokeza mbele kiasi cha mtu kukaa na jiko lake mvua ikinyesha. Niliichora ile nyumba kwa ukubwa wa moja kwa ishirini, msumari kwa msumari. Walimu walisimama mbele yake muda mrefu kuliko mbele ya maktaba. Hawakujua kuwa baada ya lava ya 17 Januari 2002 kupita katikati ya mji na kuimeza hata Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, watu walijenga juu ya lava hiyohiyo, wakitumia mbao kwa sababu ni rahisi kupata, zinasimama haraka, na unaweza kuzing'oa ukahama nazo. Moto ndio udhaifu wake mkubwa, na nyumba zinavyobanana, ukianza hausimami. Hilo nalo liliandikwa. Sikutaka kuwauzia Wabelgiji hadithi tamu.

Sasa parseli ya Ndosho. Baba mdogo, kwa heshima zote: usiuze.

Kijana akija na pesa za parseli, zitaisha kwenye viza, kulinganishiwa diploma, dhamana ya mtu wa kumsimamia, na kodi ya chumba. Mwanafunzi wa kigeni anaruhusiwa kufanya kazi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, na usanifu ndio mchepuo ambao usiku wake hauna nafasi ya kazi: maketi hazijikati. Akimaliza, stazhi ya kujitegemea inamdai kwa kawaida kadi maalum ya kazi mbali na kibali cha kukaa, kwa sababu hatoki Umoja wa Ulaya. Nimeona wenye akili kunishinda wakikwama hapo, sasa wanapanga bidhaa kwenye maghala.

Najua atanijibu na jina la Francis Kéré. Ndiyo, mtoto wa Gando, Burkina Faso, Mwafrika wa kwanza kupata Pritzker, tuzo kubwa ya wasanifu majengo, mwaka 2022. Lakini mdogo wangu, itazame hiyo habari vizuri. Alikwenda Ujerumani akiwa seremala. Shule yake ya kwanza, ya kijijini kwao, ilikamilika 2001 akiwa bado mwanafunzi Berlin, kwa pesa alizokusanya mwenyewe na matofali ya udongo yaliyotengenezwa na wanakijiji. Mradi wake wa kwanza ulisimama nyumbani.

Ningekuwa wewe, ningeanza masomo huko nchini, Kinshasa kuna taasisi ya usanifu na miji, na Ulaya ningeijaribu baadaye kwa shahada ya pili, kwa ufadhili, ukiwa na kitu mkononi. Kitu chenyewe unaweza kuanza Jumatatu. Nenda ukakae na fundi anayejenga mtaani kwenu, umbebee utepe. Pima nyumba moja, ichore. Pima nyingine. Chora jinsi wanavyofunga paa lisichukuliwe na upepo wa ziwani. Wakaguzi wa maombi huku wamechoka na maktaba zenye watoto kwenye ngazi. Nyumba kumi za Goma zilizopimwa kwa mkono hawajaziona.

Na plani ya Kyeshero nitaichora, baba mdogo, ila si kwa dakika tano, na sahihi yangu haina nguvu huko: mtafute mhandisi wa hapo hapo ataisoma kabla ya jiwe la kwanza. Mimi nitumieni urefu wa pande zote nne na wa mishazari pia, maana parseli ikionekana ni mraba huwa si mraba. Picha kutoka kila kona, mtu amesimama ndani yake ili nijue kimo. Mteremko unaelekea kwa nani, na yeye anasemaje kuhusu maji yenu. Wapi mwamba uko juu kabisa na wapi kuna udongo. Na kama jirani hatakasirika, muulizeni choo chake walichimba mita ngapi kabla ya nondo kugonga lava, na hiyo siku walilipana pesa ngapi na wachimbaji, maana hesabu ya baba mdogo niliyoiona haina choo kabisa.