Kabla hujaomba masafa: kwa wageni wa redio za jamii

Mara ya kwanza nilipoingia katika ofisi ya leseni za utangazaji, tulikuwa watu watano na tulizungumza karibu saa nzima. Tulieleza umaskini wa mtaa wetu, vijana wasio na kazi, akina mama wanaofuata maji mbali. Afisa alitusikiliza kwa adabu, kisha akauliza mambo matatu: redio itakuwa mali ya nani, antena itasimama wapi na kwa urefu gani, na mtarusha kwa nguvu kiasi gani? Tukatazamana. Hatukuwa na jibu hata moja. Tulirudi nyumbani tukilaumu serikali, na ilinichukua muda mrefu kukubali kwamba siku ile makosa yalikuwa yetu.

Nakuandikia wewe uliyejiunga juzi na redio ya jamii hapa Kenya, ukapewa kazi ambayo watangazaji huikwepa: leseni, barua, vikao na wadhibiti. Maswali yale matatu bado ndiyo kazi yenyewe.

La umiliki ni zito zaidi. Redio za jamii zilitangulia sheria. Mang'elete ya akina mama wa Makueni ilikuwa hewani 2004, na Koch FM ya Korogocho ilianza 2006 ndani ya kontena. Marekebisho ya sheria ya mawasiliano yaliyotiwa saini Januari 2, 2009 ndiyo yaliyotambua aina tatu za utangazaji: wa umma, wa kibinafsi na wa jamii. Kwa sheria hiyo, redio ya jamii iko chini ya chombo kisichotafuta faida, na inawahimiza watu inaowahudumia washiriki kuchagua na kutayarisha vipindi. Tena, jamii si lazima iwe ya eneo moja. Inaweza kuwa kundi lolote la watu wenye jambo linalowaunganisha, mradi lijulikane wazi. Kifungu hicho kisome mara mbili, maana kina nafasi kubwa kuliko wengi wanavyodhani.

Lakini kushiriki huko lazima kuonekane kwenye karatasi. Weka kumbukumbu za kila mkutano wa wasikilizaji, na mahudhurio yenye sahihi. Nimeshuhudia redio nzuri, iliyopendwa, ikizimika kwa wiki moja kwa sababu mnara ulikuwa katika shamba la mwenyekiti na risiti ya mtambo wa kurushia matangazo ilikuwa na jina lake. Walipokosana, aliondoka na vyote. Wasikilizaji hawakuwa na pa kushtaki, kwani kwa maandishi hawakuwa wenye redio. Ukianza kazi, siku ya kwanza uliza hati ya kiwanja na risiti ya mtambo ziko kwa jina la nani. Utaonekana msumbufu. Uliza tu.

Swali la antena na la nguvu nilifundishwa na mzee mmoja wa redio ya ridhaa, wale wanaojengea mitambo nyumbani na kuzungumza na dunia bila kulipwa, wenye leseni na alama za utambulisho, ambazo hapa Kenya huanza na 5Z4. Alikuja na kipimo chake na daftari, akatutazama tulivyojaza fomu, akacheka kwa upole. Tuliandika wati 100 kwa sababu ndivyo mtambo ulivyoandikwa ubavuni. Akauliza, kebo inayopanda mnarani inakula kiasi gani? Tuseme nusu. Basi zinafika 50 juu. Na antena yenyewe inakusanya mawimbi na kuyaelekeza mara ngapi? Tuseme mara nne. Basi zinazotoka ni wati 200, na hizo ndizo mdhibiti anazotaka kuzijua. Kwa hesabu hiyo ya dakika mbili tulikuwa tumesema uongo rasmi bila kujua.

Alitufundisha pia kwamba kupandisha antena mara nyingi huleta faida kuliko kuongeza wati, kwa sababu mawimbi ya FM husafiri karibu kama macho yanavyoona: kilima kikiziba, umezibwa. Na akatuonya kuhusu mitambo ya bei rahisi isiyochujwa vizuri. Bendi ya FM inaishia megahezi 108, na papo hapo juu yake panaanza masafa ya ndege. Mtambo mchafu ukivujisha mawimbi huko, aliye hatarini ni rubani anayetafuta uwanja. Hilo sikulijua, na tangu siku hiyo sijawahi kuona ukaguzi wa mitambo kama uonevu.

Hapa nataka nikae kidogo, maana ndipo wageni wengi hupotea. Redio za jamii za Nairobi, kama Koch FM, Pamoja FM ya Kibera na Ghetto FM ya Pumwani, zilipangiwa masafa yaleyale, 99.9. Inawezekana kwa sababu redio ya msikilizaji ya FM hushika mawimbi yenye nguvu zaidi na kuyameza mengine, hivyo kila mtaa unasikia ya kwake mradi kila mtambo ubaki mdogo. Sasa fikiria anayeongeza nguvu usiku kwa siri ili asikike mtaa wa pili. Hamwibii mdhibiti chochote. Anawaziba wenzake, redio maskini kama yake. Na malalamiko yakifika ofisini, hoja yetu ya miaka mingi, kwamba redio ndogo zinaweza kuaminiwa na masafa zaidi, inaanguka siku hiyohiyo. Nimewahi kugombana na rafiki juu ya jambo hili hadi tukanuniana, na bado naamini nilikuwa sahihi.

Je, 99.9 inatosha? Haitoshi. Pamoja FM ilionyesha katika ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 redio ya mtaa inavyoweza kutuliza watu, na redio ya namna hiyo inastahili masafa yake. Dai hilo nalisimamia wazi. Ila lidai kwa ramani ya mahali mnaposikika na mnapozibwa, tarehe na saa, na si kwa vilio tulivyopeleka sisi.

Katiba iko upande wako. Ibara ya 34 inataka utoaji wa leseni za utangazaji usiwe chini ya serikali, siasa wala biashara. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaitaka ofisi ya umma ikujibu ndani ya siku 21, kwa hiyo ukinyimwa sababu za ombi lako kukataliwa, andika barua na uhesabu siku. Kanuni mpya zinapotangazwa kwa maoni ya umma, muda huwa mfupi. Usingoje muungano wa redio za jamii uandike kwa niaba yako. Peleka yako, kurasa mbili, ukitaja kifungu kwa namba na kupendekeza maneno ya kukibadilisha.

Subira nimejifunza kwa wale wa ridhaa. Umoja wao wa kimataifa uliundwa Paris 1925. Katika mikutano ya masafa ya dunia hawana kura, kura ni za nchi, kwa hiyo kazi yao huanzia nyumbani kwa kila mmoja, kwa mdhibiti wake. Mkutano wa 2003 ulikubali waongezewe sehemu ya megahezi 7 iliyokuwa imejaa vituo vya utangazaji vya kimataifa. Vituo hivyo viliondoka Machi 29, 2009. Miaka sita baada ya kushinda! Yule mzee aliniambia alikuwa kwenye mtambo wake usiku huo, akisikiliza nafasi ikifunguka.

Sisi tulirudi ofisini miezi kadhaa baadaye tukiwa wawili, na bahasha moja: katiba ya chama, hati ya kiwanja, mchoro wa mnara, hesabu ya wati, kumbukumbu za mikutano saba. Afisa alikuwa yuleyule. Alifungua kwanza ukurasa wa hesabu, akaupitia kwa kalamu, kisha akatuvutia viti.