Kabla mama hajapigwa picha ya ubongo

SWALI: Shikamoo daktari. Mama ana miaka 68, ana kisukari, na siku hizi anasahau sana. Ameandikiwa kipimo cha PET cha ubongo. Tumeambiwa asile kwa saa sita, na akishadungwa dawa alale kimya kwenye chumba chenye giza. Mbona masharti mengi? – Msomaji, Mbagala

JIBU: Marahaba. Hiyo "dawa" ni FDG, sukari iliyobebeshwa mionzi ya florini-18. Ubongo unakula sukari muda wote, na kamera inaonyesha sehemu zinazokula vizuri na zilizozorota.

Sukari ya kawaida na FDG zinagombea mlango mmoja wa kuingilia ubongoni. Damu ikijaa sukari, FDG inabaki nje na picha inafifia. Linalotutia hofu zaidi ni kwamba sehemu zinazofifia zinaweza kufanana na zile za Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaoleta usahaulifu, mama akaonekana ana ugonjwa asio nao. Ndiyo maana atatobolewa kidole kwanza, apimwe sukari. Ikizidi milimoli 11 kwa lita, vituo vingi huahirisha. Tafadhali msikimbilie insulini asubuhi hiyo ili kuishusha. Ya kwenye damu itashuka, ya ndani ya ubongo haishuki kwa kasi hiyo, na FDG nyingi itavutwa kwenye misuli. Sukari itulizwe wiki kadhaa kabla. Dozi za siku yenyewe waulizeni kituoni, kwani insulini na njaa pamoja humwangusha mtu.

Saa sita zihesabuni vizuri: miadi ikiwa saa tatu asubuhi, mwisho wa kula ni saa tisa usiku, basi chakula cha jioni kinatosha. Maji matupu anywe. Chai, kahawa, pipi na hata bazoka, hapana.

Kuhusu giza: nusu saa ya kwanza baada ya sindano ndiyo inayoamua picha. Akitazama televisheni, eneo la kisogoni linalopokea anachoona litawaka kupita kiasi. Mrija wa mshipani wa kupitishia dawa nao uwekwe kama dakika kumi kabla ya kudungwa, maumivu yapoe.

Dawa za kutuliza kama diazepam hupunguza ulaji wa sukari ubongo mzima. Asiache ghafla, ila pelekeni orodha ya dawa zote. Na kama amewahi kupata kifafa, semeni mapema, kwani degedege likitokea wakati huo, sehemu mbovu inaweza kung'aa badala ya kufifia.

Simu yake kaa nayo wewe, nje.