Mnauliza kama huku kijijini wanazikana

Mama mdogo, na wadogo zangu mliokusanyika Marangu siku ya ubarikio, maswali yenu yamenifikia yote. Mlitaka kujua kama ni kweli Mwingereza hamjui jirani yake. Mkauliza kama kijiji cha Ulaya nacho kina mashamba, wazee na baraza, au ni nyumba tu na barabara ya lami. Mama mdogo akaongeza lake: mtu akifa, wanazikana? Na kuna la mdogo wangu wa kiume anayetaka kunifuata, hilo nitalijibu mwishoni maana ndilo gumu.

Habari za Uingereza mnazosikia ni za London. Mimi nahudumia wazee majumbani kwao, katika vijiji vya Nottinghamshire kati ya Newark na Ollerton, na siku nzima niko barabarani kutoka mlango hadi mlango. Kwa hiyo nawajibu kwa yale ya vijijini, na nitaanza na Laxton, kijiji ninachopita mara kwa mara, kwa sababu kina jambo ambalo hata Waingereza wengi hawajapata kulisikia.

Zamani vijiji vingi vya katikati ya nchi hii vililima kwa pamoja. Kijiji kilikuwa na mashamba makubwa mawili, matatu, yasiyo na ua. Kila shamba lilikatwa vipande virefu vyembamba, na kila familia ilikuwa na vipande vyake vilivyotawanyika, kimoja kwenye rutuba, kingine bondeni panapotuama maji, ili asitokee mmoja akahodhi udongo mzuri wote. Kisha, hasa kuanzia katikati ya karne ya 18, Bunge likapitisha maelfu ya sheria, kijiji baada ya kijiji, za kuunganisha vipande na kuzungushia ua. Wenye hati walitoka na mashamba makubwa. Maskini aliyekuwa akilisha ng'ombe wake mmoja kwenye malisho ya wote alibaki mikono mitupu, akawa kibarua wa jirani yake au akaenda mjini kutafuta kiwanda. Nikisoma habari hizo nawafikiria watu wetu wanaouza kihamba, shamba la ukoo, kipande kwa kipande. Moyo unauma.

Laxton ilinusurika. Sehemu kubwa ya ardhi yake ilikuwa chini ya makabaila wawili, ukoo wa Manvers na ukoo wa Scarbrough, na hawa hawakuafikiana namna ya kuigawa, basi ua ukachelewa mpaka wakati wake ukapita. Mpaka leo mashamba matatu ya kijiji yapo: West Field, South Field na Mill Field. Mwaka huu shamba moja lina ngano, la pili lina nafaka inayopandwa majira ya kuchipua, la tatu linapumzishwa au linaoteshwa majani ya mifugo, na mwaka ujao yanabadilishana zamu. Ipo ramani ya kijiji hiki iliyochorwa mwaka 1635 na mpima ardhi aitwaye Mark Pierce. Inaonyesha vipande zaidi ya 2,000, na ndani yake amechora watu wakilima na kuvuna. Ramani yenyewe imehifadhiwa katika maktaba ya Bodleian, Oxford. Vipande vya leo ni vichache na vipana zaidi, kwani trekta haligeuki kwenye ukanda mwembamba uliokatwa kwa ajili ya plau ya kukokotwa.

Sasa baraza mliloniuliza. Lipo, linaitwa Court Leet, na ni la tangu enzi za mabwana wa ardhi. Kila mwaka, mwishoni mwa Novemba, wazee wa baraza wanaokula kiapo, wote wakiwa watu wa hapo hapo kijijini, wanatoka kwenda kukagua shamba lililopandwa ngano. Wanatembea mpaka hadi mpaka. Wanaangalia nani amelima akaingia kwenye njia ya wote, nani amemega ukanda wa majani usio wake. Wanapigilia vigingi vya mti pale mpaka ulipofifia, kama sisi tunavyopanda masale. Wakimaliza wanarudi kula pamoja kwenye baa ya kijiji, Dovecote Inn, na hapo wanajadili nani atozwe faini. Baada ya wiki hivi baraza lenyewe linakaa hapo hapo, likiongozwa na mwanasheria anayemwakilisha mwenye ardhi. Faini zinatangazwa, na wazee wa kukagua mwaka unaofuata wanaapishwa.

Faini ni ndogo sana, ukiitazama utasema haifai kumwita mtu. Lakini mtu anasomewa kosa lake mbele ya majirani anaokutana nao kila siku, na hilo ndilo linalomzuia kusogeza plau. Mabaraza yetu ya ardhi ya kijiji yana sheria nzuri, ile ya mwaka 1999, inayotaka wajumbe saba, watatu kati yao wanawake. Hata hivyo mnajua wenyewe ni mara ngapi baraza linakaa baada ya ndugu kukatana mapanga. Hawa wanakwenda shambani kila mwaka, kuwe na kesi au kusiwe na kesi. Nimelifikiria sana jambo hili na natamani lifike kwa mwenyekiti wa kijiji chetu.

Kuna mengine ya Laxton ningeweza kueleza kwa kirefu. Kanisa la Mtakatifu Mikaeli lina sanamu ya mbao ya mwanamke wa ukoo wa Everingham, waliokuwa walinzi wa msitu wa Sherwood. Nyuma ya kanisa kuna kilima cha ngome ya Wanormani, sasa kimeota nyasi. Mwaka 1952 Manvers aliiuzia serikali ardhi yake ili kilimo hicho kisife, mwaka 1981 ikaenda Crown Estate, shirika linalosimamia ardhi ya ufalme, na mwaka 2020 ikarudi kwa shamba kuu la Thoresby, la ukoo ule ule. Wanaolima ni wapangaji. Hili lilinishangaza kuliko yote: mkulima ambaye baba na babu yake walilima hapo, na ardhi si yake.

Kuhusu majirani, nawaambieni ukweli. Wanajuana. Wanajuana hata habari ambazo mtu hajawaambia. Ila ujirani wa huku una saa na tarehe. Kikombe cha chai Jumatano kwenye ukumbi wa kijiji, ibada ya mavuno kati ya Septemba na Oktoba, kumbukumbu ya waliokufa vitani mwezi Novemba wakisoma majina yaliyochongwa kwenye jiwe, kikao cha parish council, yaani halmashauri ya kijiji wala si ya kanisa, ambayo wajumbe wake hawalipwi. Ukienda unapokewa vizuri na kesho yake unapewa kazi ya kupanga viti. Usipokwenda, hakuna atakayebisha hodi kuuliza kulikoni, kwa sababu kwao kumwacha mtu na mambo yake ni heshima. Majira ya baridi, giza likiingia saa kumi jioni, heshima hiyo ni nzito mno kwa mtu aliyezaliwa Marangu. Nimelia, mama mdogo, sikufichi.

Na wazee wao ndio wanaolia zaidi. Vijiji vingi vimepoteza duka, shule imefungwa, basi linapita mara chache, padri mmoja anahudumia makanisa sita, saba. Watu wa mjini wenye fedha wamenunua nyumba, bei imepanda, na kijana aliyezaliwa hapo anahamia kwenye miji kupanga. Mzee anabaki peke yake na siku nyingine mtu pekee anayeongea naye ni mimi, kwa dakika 30 nilizopangiwa. Msinione nimebadilika nikisema hili: mtu anayeachwa hivyo si kwamba hana watoto au hapendwi. Watoto wako mbali wanakimbizana na kodi ya nyumba, kama mimi nilivyo mbali nanyi.

Wanazikana, ndiyo. Mara nyingi mazishi yanakuja wiki mbili au tatu baada ya kifo. Hakuna matanga, hakuna kulala msibani, hakuna daftari la rambirambi. Siku yenyewe kanisa linajaa, watu wamevaa nyeusi, kisha wote wanakwenda ukumbini au baa kwa chai na mikate, na hapo wanasimulia habari za marehemu mpaka wanacheka. Badala ya michango ya msiba wanachangia hospitali au shirika lililomhudumia. Nimehudhuria kwa ajili ya wazee wangu, na kila mara familia imenitafuta nikae nao.

Mliuliza pia kama wananibagua. Mara nyingi mimi ni mtu mweusi pekee chumbani. Wananitazama, watoto wanauliza maswali, na wapo wachache ambao mlango wao niliufungua kwa shida. Wengi wamenizoea. Na Laxton hapo hapo kuna jambo lililonigusa. Ndugu wawili, Stephen na James Smith, na wazazi wao, walifungua mwaka 1995 kituo cha kumbukumbu ya Wayahudi waliouawa na Wanazi, katika nyumba ya shambani pembeni ya kijiji. Mwaka 2000 wakaanzisha Aegis Trust, shirika la kupambana na mauaji ya kimbari, na hilo ndilo lililoshirikiana na Wanyarwanda kujenga makumbusho ya Gisozi, Kigali, yaliyofunguliwa mwaka 2004. Pale wamezikwa watu zaidi ya 250,000. Kijiji hiki cha ngano kina uhusiano na majirani zetu kabisa, nami nilikuja kuujua nikiwa nakwenda kumwogesha mzee.

Mdogo wangu, sasa wewe. Njia niliyopitia mimi imefungwa. Tangu tarehe 11 Machi 2024 mhudumu mpya wa wazee haruhusiwi kuleta mke wala watoto, na tangu tarehe 22 Julai 2025 waajiri hawaruhusiwi tena kuajiri wahudumu kutoka nje ya nchi. Mtu yeyote wa Moshi au Arusha anayekuomba milioni kadhaa akuletee kibali cha kazi hiyo, anakuibia. Usiuze ng'ombe, na kihamba usikiguse. Wauguzi waliosajiliwa bado wanapokelewa, wakifaulu mtihani wa Kiingereza na wa vitendo. Wewe una mwaka mmoja tu umalize uuguzi pale chuoni. Malizia, ufanye kazi hapo nyumbani upate uzoefu, halafu unipigie, na karatasi tutazisoma pamoja mstari kwa mstari. Na kabla ya kupanda ndege uwe umejifunza kuendesha gari, kwa maana huku vijijini asiye na gari hafiki kazini.